Kitubio cha Majaribio

Padri huja Kigwe mara moja kwa mwezi,
kwa hiyo mazoezi ya kitubio nayasimamia mimi,
mwalimu wa hesabu na dini, Darasa la Nne,
Shule ya Msingi Mtakatifu Tarsisi.
Natundika khanga kati ya kabati na dirisha,
nakaa upande wa pili, juu ya debe lililopinduliwa.
Kwenye pindo, kwa herufi zilizofifia:
NISITIRI NAMI NIKUSITIRI.

Wanakuja mmoja mmoja, magoti mekundu kwa vumbi.
Fridolini Chedego amezini mara mbili.
Namuuliza, kuzini ni nini?
"Sijui, Mwalimu, ila ya tano na ya saba sina,
nikaona nisije mikono mitupu."
Sabas ameiba zabibu za mzee Mlewa.
Hiyo ni kweli. Nilimwona, mdomo wa zambarau.
Dafrosa ameazima dhambi ya dada yake
na anataka kujua kama lazima airudishe.
Nang'ata khanga nisicheke.

Kisha akapiga magoti Wilbroda Sogodi wa dawati la nyuma,
aliyeihifadhi katekisimu nzima, swali na jibu,
kama mtu anayehesabu mbuzi zizini jioni.
Akanyamaza.
Treni ya mizigo ikapita, behewa kwa behewa,
hata ikaisha.
"Padri," akasema, hakusema Mwalimu,
"kila asubuhi mstarini tukiomba mvua,
mimi moyoni naomba isinyeshe."

Ilikuwa Januari, tarehe ishirini.
Uwele wa Desemba ulikwisha kukauka ukiwa kimo cha kidole,
na mama yake alikuwa amepanda tena, mbegu za kukopa.

"Ikinyesha, uwele utazaa. Ukizaa, ndege watakuja.
Ndege wakija, Baba atanitoa shule nikaamie,
na Komunyo ni Aprili.
Sasa watu wote wana njaa. Ni mimi."

Nilikuwa na majibu ya maswali mia moja na kumi.
Hilo halikuwamo.
Ningeweza kusema, haya ni mazoezi tu, mwanangu, inuka.
Ningeweza kumweleza mawingu na pepo,
mchoro wa sayansi ulikuwa pale pale ukutani.
Lakini lile goti halikuwa la mazoezi,
na mimi si padri, sina cha kumwondolea.
Nikapitisha mkono chini ya khanga.
Akashika vidole viwili, akavishikilia
mpaka Dafrosa akakohoa kwenye foleni.

"Na malipizi?"
Nikamwambia, Baba Yetu moja, polepole.
Alipofika *utakalo lifanyike*
akasimama, kama punda ukingoni mwa korongo.
Sikumsukuma.
Hata mimi hapo huwa napavuka mbio
nisije nikaona kina chake.

Mvua ilinyesha Februari, siku ya tatu.
Watoto wakatoka uani na vikombe, na masufuria ya jikoni,
mpishi akiwafuata kwa matusi ya furaha.
Yeye alibaki dirishani, akaniangalia
kama mtu anayetaka kuambiwa nani ameshinda.
Mwishoni mwa Machi dawati lake likawa tupu.

Siku hizi, Jumamosi, naendesha baiskeli hadi shambani kwao.
Yuko juu ya dungu, kombeo mkononi,
midomo imekauka kwa kelele.
Nauliza kutoka chini, Mungu yuko wapi?
"Mungu yuko mahali po..." Swaaa! Swaaa! "...pote."
Kweleakwelea wanainuka, wingu zima,
wanageuka pamoja, wanatua shamba la jirani.
Huko nako mtoto anapiga kelele.

"Mwalimu," anasema bila kunitazama,
"na hawa, nao waliomba mvua?"

Napekua kitabu, kana kwamba nimesahau ukurasa.
Kisha navua viatu, napanda ngazi,
naye ananisogezea mawe.